Karatasi za Kufungia Misumari

Kama naibu wa chifu Munyao angekuwa mtu wa kutupa karatasi kama watu wengine, mwenye duka Abdisamad angekula chakula chake cha mchana siku ile na kujinyoosha kidogo kama kawaida yake. Lakini Munyao husoma kila kitu. Husoma magazeti ya juzi, tarehe za dawa zilizokwisha muda, hata matangazo ya mazishi ya watu asiowajua. Jumatano hiyo, mapema, alinunua robo kilo ya misumari katika duka la Abdisamad, hapo soko la Kwa Ndeti, kilomita chache ndani kutoka barabara ya Mombasa ukishapita Kibwezi. Alikuwa anataka kupigilia mlango wa banda la kuku. Alipoimwaga misumari, akaikunjua karatasi iliyoifungia, akavaa miwani.

Ilikuwa karatasi ya Kiingereza safi. Ilisema: hatua ya nne, ukishapata kibali chako, nenda kwa muuzaji aliyesajiliwa uchague bastola yako ya kwanza. Chini yake kulikuwa na ushauri wa namna ya kuibeba hadi nyumbani, risasi zikiwa kando.

Munyao aliisoma mara tatu. Kuku hawakupata mlango siku hiyo.

Saa nne walikuwa dukani, yeye na askari wawili na Inspekta Mulei, mtu mrefu mwenye sauti ya upole, mmoja wa wale ambao ukiwasikia wakiongea unadhani wanakuombea. Mulei aliiweka karatasi juu ya kaunta na kuilainisha kwa kiganja.

"Abdisamad, hii imetoka kwa nani?"

Nyuma ya pazia, mkewe Abdisamad, Qamar, aliijua karatasi kabla ya kuiona. Ni yeye aliyeiandika. Ni yeye aliyeichapisha kwa saiba kule Kibwezi, kwa sababu makosa ya Kiingereza hujificha kwenye kioo cha kompyuta lakini kwenye karatasi hukutazama usoni. Na ni yeye, mwezi uliopita, aliyebeba rundo zima kutoka chini ya kitanda na kumwambia mumewe, "Hizi nimemaliza nazo, fungia watu vitu." Tangu serikali ipige marufuku mifuko ya plastiki, karatasi ni mali. Maduka mengine hufungia sukari kwa mitihani ya zamani, mengine kwa kalenda za mwaka juzi. Nani hutazama kilichoandikwa?

Qamar akatoka nyuma ya pazia, mdomo tayari umefunguka.

"Ni zangu," Abdisamad akasema, bila kumtazama. "Kila kitu kwa hii duka ni changu."

"Umesoma chenye imeandikwa?"

"Nimesoma."

Hakuwa amesoma. Kiingereza cha Abdisamad huishia kwenye majina ya sabuni. Lakini alikuwa amemwona mkewe akitoka, akaona na pingu kiunoni kwa askari, na kwake hesabu ilikuwa fupi: seli si mahali pa mke wa mtu.

"Sawa. Basi tuambie, hizi bunduki mtu ananunua wapi?"

Abdisamad akafikiri. "Dukani," akasema.

Hapo ndipo askari walipoanza kupekua. Walishusha maboksi ya viberiti, wakachoma magunia ya ndengu kwa fimbo ya chuma, wakaingia nyuma na kupindua godoro. Walipata kurasa arobaini na moja, zote za kununua bunduki, na wakazibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. Kompyuta ya Qamar, ile ndogo ya kukunja, hawakuipata. Ilikuwa imekaliwa na Bilan, mama yake Abdisamad, ambaye aliposikia buti alikuwa ameisukuma chini yake kwenye kigoda, akatandaza shuka lake kubwa na kuanza kuhesabu tasbihi. Walipomwambia asimame, aliwajibu kwa Kikamba cha Nuu, alikoishi miaka thelathini kabla ya kuja huku, kwamba magoti yake yaliacha kazi mwaka jana. Wale vijana ni Wakamba, wana mama zao. Wakampita.

Mulei alizungumza na Qamar mlangoni, kwa upole uleule. "Mama, kesho jioni kuna gari inatoka Nairobi, ya wale wa kupambana na ugaidi. Akishaingia hiyo gari, hata mimi sitajua amepelekwa wapi. Kama kuna kitu unajua, nitafute kabla ya hapo."

Majirani walikuwa wamejipanga kando ya barabara. Mwanamke aliyekopa unga juzi aligeuza uso alipoona Qamar anamtazama. Mwingine alisema, si kwa sauti ya chini sana, kwamba hawa watu ukiishi nao miaka kumi bado huwajui.

*

"Sasa nieleze," Bilan akasema walipobaki wawili, kompyuta ikiwa bado chini yake. "Hizo karatasi zilikuwa zinasema nini?"

"Hooyo, zinasema sheria." Ndivyo alivyomwita mama mkwe wake, kwa Kisomali, kama mama aliyemzaa. "Sheria za nchi moja ya Ulaya, Ucheki. Raia akitaka bunduki afanye nini. Awe na miaka ishirini na mmoja. Daktari ampime, akili na mwili. Afanye mtihani wa maswali, halafu aonyeshe anajua kuishika. Asiwe na kesi. Polisi ndio wanampa kibali. Bila hivyo hauziwi."

"Na wewe ulimwandikia nani?"

"Mteja. Ana tovuti. Watu wa huko wanaisoma."

"Unamjua?"

"Hapana."

Bilan alisogeza tasbihi shanga mbili. "Umemwandikia mtu usiyemjua namna ya kununua bunduki katika nchi ambayo hujaiona."

"Kihalali, Hooyo."

"Kihalali," Bilan akarudia, kana kwamba ni jina la ugonjwa. "Basi nenda kawaambie hivyo. Wafungulie hiyo kompyuta waone ni kazi, wamwachilie mwanangu."

Hapo ndipo penye mwiba kwa Qamar. Kazi ilikuwa yake lakini jina halikuwa lake. Wateja wa Ulaya hawampi kazi mwanamke wa Kwa Ndeti. Ukiandika unatoka wapi, oda hazifiki. Kwa hiyo alikuwa amekodi akaunti ya tovuti ya waandishi wa kulipwa kwa Kinyanjui wa Makindu, kama vijana wengi wanavyofanya, na theluthi ya kila malipo ilibaki huko. Akaunti ilikuwa na picha ya mzungu mwenye ndevu nyekundu aitwaye Radek. Kwa miaka mitatu Qamar alikuwa Radek kuanzia asubuhi watoto wakienda shule hadi adhuhuri. Alisifiwa kama Radek, aligombezwa kama Radek. Na ndiyo maana akapewa makala zile za bunduki: mteja alidhani Radek anaishi hukohuko Ucheki.

Ushahidi pekee kwamba mumewe si gaidi ulikuwa humo. Na ukifunguliwa mbele ya polisi, utaonyesha kwamba mkewe kwa miaka mitatu amekuwa akijifanya mtu mwingine.

Alimweleza Bilan yote. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama, magoti yakitii vizuri tu, na kumpa kompyuta.

"Mwenye akaunti anajua?" akauliza.

"Bado."

"Mwambie. Usimchome mtu kisu mgongoni hata kama wewe umeshachomwa."

*

Asubuhi ya Alhamisi Qamar alimkuta Kinyanjui katika chumba chake nyuma ya duka la vipuri hapo Makindu, amezungukwa na kompyuta sita na feni moja. Alikuwa kijana mnene, muungwana, baba yake alihamia huku kutoka Nyeri kuuza viazi kwa wasafiri. Hakupandisha sauti alipoelezwa. Alivua miwani akaipangusa kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

"Dada Qamar, hapa kwangu watu kumi na mmoja wanakula. Wengine ni mama kama wewe. Hiyo akaunti ikionekana na polisi, leo ni Radek, kesho ni zote."

"Mume wangu anachukuliwa jioni, Kinyanjui."

"Nimesikia. Pole sana." Na alikuwa anasikitika kweli, ilionekana. "Lakini mimi siwezi kukwambia sawa, fungua. Nikikwambia hivyo, mimi ni mjinga. Na siwezi kukwambia usifungue. Nikikwambia hivyo, mimi ni mnyama."

"Kwa hivyo unaniambia nini?"

"Nakwambia saa kumi nitaifunga. Nitafuta picha, jina, kila kitu. Ikishafungwa hakuna mtu ataikuta. Chenye utafanya kabla ya hapo, mimi sikukiona na wewe hunijui."

Qamar alisema asante. Ukimwambia mtu asante kwa jambo kama hilo unajiona umekuwa mdogo kama sindano, lakini alisema, maana angeweza kuifunga palepale. Alitoka nje akisoma saa kwenye simu. Saa tano kasoro robo.

*

Kituoni alikalishwa kwenye benchi hadi saa saba. Askari wa kaunta, kijana mwenye usingizi, alimwuliza anataka nini, akaenda kunywa chai, akarudi, akamwuliza tena. Hatimaye akamwambia kuandikisha taarifa kunahitaji karatasi na karatasi za kituo zimeisha.

"Nenda kanunue fulskepu hapo nje. Dazani moja. Na kalamu, kama unaweza."

Akanunua. Akarudi. Kijana akazipokea, akachukua kalamu akaiweka mfukoni mwake, akamwambia angoje, mkubwa anakula.

Kutoka pale kwenye benchi aliona mlango wa chuma wa seli na viatu vimepangwa nje. Vya Abdisamad vilikuwa vya tatu, vile vyeusi alivyovaa Idi. Qamar alivitazama mpaka macho yakamuuma. Alikuwa anaogopa, na alikuwa na hasira, na hasira kubwa zaidi ilikuwa kwa mumewe: nani alimtuma aseme ni zake? Asingesema hivyo, yeye angeeleza palepale dukani, wakacheka, yakaisha. Au wasingecheka. Hilo nalo alilijua.

Saa nane na nusu ndipo Mulei alipomwita.

Qamar alifungua kompyuta mezani kwake na kueleza, moja kwa moja, bila kupamba. Alimwonyesha oda za mteja, tarehe, makala zote: namna ya kununua bunduki, namna ya kufuga nyuki, namna ya kuchagua godoro kama mgongo unauma. Alimwonyesha ujumbe wa mteja uliosema Radek ni mtu wa kutegemewa, Kiingereza chake kimezidi kuimarika.

Mulei akasogea karibu na picha.

"Huyu mzungu ndiye wewe?"

"Kwa kazi, ndiyo, afande."

"Na huko umeshafika?"

"Sijafika hata Mombasa."

Mulei akakaribia kucheka. Akaanza kusoma makala, na Qamar akaona anasoma kweli, midomo ikitembea. "Kwa hivyo huko mtu lazima afanye mtihani," akasema. "Akianguka?"

"Anarudia. Na polisi wakimnyima kibali lazima waandike sababu, na yeye anaweza kukata rufaa."

"Waandike sababu," Mulei akasema polepole, akaegemea kiti. "Wewe unajua sheria za watu vizuri sana. Sasa wacha nikuambie za hapa." Akainua kidole. "Kujifanya mtu mwingine kwa mtandao. Hilo ni moja. Jana tulitafuta kompyuta, hatukuiona. Ilikuwa wapi?"

"Mama mkwe alikuwa ameikalia."

Kidole cha pili kilichelewa kidogo kuinuka. "Kuficha ushahidi. Mbili. Na bwana yako aliniambia mbele ya mashahidi hizi karatasi ni zake na amezisoma. Kudanganya afisa. Tatu. Umekuja kumtoa mtu mmoja, sasa niko na watatu, pamoja na huyo nyanya."

Qamar aliigeuza kompyuta imwelekee tena. Nje, juani, mtu alikuwa akifagia uwanja. "Afande, wewe umeona ni kazi. Umeona mwenyewe."

"Nimeona akaunti. Akaunti mtu yeyote anaweza kuonyesha. Nitajuaje ni wewe unaandika na si yeye?" Akavuta droo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaisoma kimya, akaikunja tena. "Kaa hapo. Nitakupa mada, uandike. Nikiona inafanana na hizi, nitaamini. Jadili mchango wa wananchi katika kuzuia uhalifu maeneo ya mashambani. Kwa Kiingereza."

"Kurasa ngapi?"

"Zenye utaweza. Gari inafika saa kumi na moja."

Akaandika. Aliandika kama ambavyo hajawahi kumwandikia mteja yeyote. Aliandika kuhusu mikutano ya chifu, kuhusu wizi wa mifugo, kuhusu jirani anayemripoti jirani kabla ya kumwuliza. Hilo la mwisho akalifuta. Saa kumi kamili, ukurasa wa akaunti uliokuwa wazi pembeni ukageuka mweupe. Radek hakuwepo tena. Miaka mitatu, na hakupata hata nafasi ya kuwaaga wateja. Akaufunga ule ukurasa, akaendelea.

Saa kumi na moja kasoro robo alimaliza. Mulei alituma kijana wa kaunta azichapishe kurasa kwenye zile fulskepu, kisha akasoma zote akiwa amesimama dirishani, na Qamar akasoma mgongo wake. Mwishowe akachukua simu ya mezani. "Ile gari," akasema, "waambie isije. Ni mambo ya mtandao tu. Eeh. Nimeshughulikia."

Abdisamad aliletwa bila viatu, shati limetoka nje, jicho la kushoto limevimba. Alimtazama mkewe, akatazama kompyuta mezani, akaelewa. Mulei akampa karatasi, mojawapo ya zile fulskepu, akamwambia aandike kwamba alidanganya afisa wa polisi, atie sahihi. Abdisamad akaandika alivyosomewa, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la pili.

Mulei akaitia ile karatasi kwenye faili la kahawia, pamoja na zile kurasa arobaini na moja. Faili akalitia kwenye droo. Hakulipiga muhuri.

"Hii haijafungwa," akasema. "Imepumzika tu." Kisha akazigonga zile kurasa za Qamar mezani zikalingana. "Umeandika vizuri, mama. Vizuri sana. Lakini mwalimu alisema kurasa kumi, na hizi ni sita."

Qamar alimtazama bila kuelewa.

"Nasoma diploma jioni, ya mambo ya uhalifu," Mulei akasema, kwa upole uleule wa kuombea watu. "Bila hiyo hawanipandishi cheo. Kazi inanibana, sipati nafasi. Niletee hizo nne Jumatatu. Na kuna nyingine ya mwezi ujao, nitakutumia mada kwa simu."

*

Mada ilifika siku kumi baadaye. Qamar alikuwa dukani, maana sasa asubuhi zake hazikuwa na mwenyewe. Kinyanjui hakuwa akipokea simu. Wateja wa duka walikuwa wanarudi mmoja mmoja, wengi wakijifanya hawakuwahi kuondoka, na Munyao mwenyewe alikuja kununua misumari mingine. Abdisamad alimpimia na kummiminia mkononi, bila karatasi.

Alipoondoka, Abdisamad akaegemea kaunta. "Unaandika nini?"

"Kazi yake."

"Ya kuhusu nini safari hii?"

Qamar alirudi mwanzo wa maandishi. Alikuwa amesoma siku mbili nzima, katiba na sheria za polisi, na kwa mara ya kwanza alizijua sheria za kwao kama alivyozijua za Ucheki. "Haki za mtu aliyekamatwa," akasema.

"Soma."

"Kwamba mtu akikamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa. Kwamba ana haki ya kunyamaza. Kwamba hakuna wa kumlazimisha aandike neno la kumfunga mwenyewe. Kwamba afikishwe kortini kabla ya saa ishirini na nne kwisha."

Abdisamad alihesabu kwa vidole, polepole, kuanzia saa nne asubuhi ya Jumatano. Alipofika thelathini na moja akaacha. Jicho lake lilikuwa limepona, lakini alikuwa na tabia mpya ya kulipapasa.

"Na juu hapo unaandika jina la nani?"

"Inspekta Mulei."

Mama mmoja alikuja, akataka robo ya sukari, akahudumiwa, akaenda.

"Andika vizuri," Abdisamad akasema. "Akianguka huyo, atafungua droo."

"Na akipita," Qamar akasema, "kuna mwaka wa pili."

Mumewe akavuta kigoda akakaa karibu naye, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya, na Qamar akaanza ukurasa wa saba.